Mungu wa Israeli na sindano ya mama: Wayahudi wanasemaje kuhusu uponyaji wa miujiza?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa Morogoro. Mama yangu ana kisukari, huu ni mwaka wa tisa, na anajichoma insulini. Tangu aanze kwenda kwenye maombezi, mtumishi mmoja amemwambia kwamba sindano ni dalili ya imani haba, akamsomea habari za mfalme Asa aliyewaendea waganga akafa. Mama ameanza kuruka dozi. Nilipobisha akanijibu, "Mungu wa Israeli haponyi kwa sindano." Nikajiuliza: hao Waisraeli wenyewe wanasemaje? Wanaamini uponyaji wa miujiza? Mbona hatusikii wakifanya mikutano ya uponyaji? Na mgonjwa wao asipopona, wanamwambia nini?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Nianze na mama kabla ya Wayahudi, maana sukari haisubiri mtu amalize kusoma. Mtu anayetegemea insulini akiruka dozi, sukari hupanda, damu inaweza kujaa asidi, na anaweza kupoteza fahamu ndani ya siku chache. Mpeleke kliniki yake apimwe leo. Haya yaliyobaki mtayasoma pamoja mkirudi.

Sasa hilo neno lake, kwamba Mungu wa Israeli haponyi kwa sindano. Nusu yake ya kwanza Wayahudi wangeipokea kwa mikono miwili: mponyaji ni Mungu. Imeandikwa katika Kutoka 15:26, "Mimi ndimi Bwana nikuponyaye." Ila neno la Kiebrania lililotumika hapo kwa Mungu, *rofe*, ndilo hilo hilo Myahudi analotumia leo akisema anakwenda kwa daktari. Na ndilo lililotumika kwa hao "waganga" wa Asa katika 2 Mambo ya Nyakati 16:12. Mama akiisoma Biblia ya Kiswahili, ni rahisi apate picha ya mtu mwenye tunguri na ndele. Asa aliwaendea matabibu. Na kosa lake limetajwa wazi katika mstari huo huo: katika ugonjwa wake hakumtafuta Bwana. Alikuwa na tabibu, akakosa sala.

Mweke Asa kando ya mfalme mwingine wa Yuda, Hezekia. Huyu aliugua hata kufa, akageuza uso ukutani, akasali, akalia. Mungu akamsikia na kumwongezea miaka 15. Ungedhani habari imeishia hapo, kwa kuwa neno limekwisha kutoka kwa Mungu. Lakini soma 2 Wafalme 20:7: Isaya akaagiza waletwe tini, wakaziweka juu ya jipu, mfalme akapona. Nabii amebeba ahadi ya Mungu kinywani, na bado anaagiza dawa ya kubandika. Mimi mstari huu sichoki kuurudia, kwa sababu unavunja ule uchaguzi aliowekewa mama yako, kwamba lazima achague sala au dawa.

Na huyo huyo Hezekia ndiye aliyeivunja ile nyoka ya shaba ya Musa. Unakumbuka, jangwani walioumwa na nyoka waliitazama wakapona. Karne nyingi baadaye watu walikuwa wakiifukizia uvumba, na mfalme akaivunja vipande vipande. Chombo cha muujiza halisi, kilichoagizwa na Mungu mwenyewe, kilivunjwa siku kilipoanza kuabudiwa. Mishna, ule mkusanyo wa mafundisho ya marabi, yaani walimu wa dini ya Kiyahudi, uliokamilishwa yapata mwaka 200, unauliza: hivi nyoka ya shaba ndiyo iliyokuwa ikiua na kuhuisha? Na inajibu kwamba Waisraeli walipoinua macho na kuinyenyekeza mioyo yao kwa Baba yao wa mbinguni ndipo walipopona.

Usidhani jambo hili halikuwasumbua wenyewe. Liliwasumbua sana, na kwa swali gumu: kama Mungu ndiye aliyeleta ugonjwa, binadamu ni nani hata auondoe? Marabi wa shule ya Ishmaeli walipata jibu mahali usipotarajia, katika sheria ya watu waliopigana. Kutoka 21:19 inamtaka aliyempiga mwenzake agharimie matibabu yake hata apone kabisa. Talmudi, kitabu kikubwa cha mijadala ya marabi juu ya Mishna, inasema: kutoka hapa tunajifunza kwamba tabibu amepewa ruhusa ya kuponya. Torati isingemlazimisha mtu alipie jambo lililo haramu.

Kuna simulizi la kale linalolieleza jambo hilo vizuri kuliko sheria. Rabi Ishmaeli na Rabi Akiva walikuwa wakitembea Yerusalemu, wakakutana na mgonjwa, wakamweleza dawa ya kutumia. Mkulima mmoja akawasikia, akawauliza, "Nani aliyempiga mtu huyu kwa ugonjwa?" Wakasema, "Mungu." "Basi ninyi wenye hekima mnaingilia kazi isiyo yenu?" Wakamuuliza kazi yake. Akasema analima, anatunza shamba la mizabibu. "Na nani aliyeiumba ardhi na mizabibu?" Akasema, "Mungu." "Mbona unaiingilia?" Akajibu, "Nisipolima, nisipopalilia wala kuweka samadi, sivuni kitu." Wakamwambia kwamba mwili wa mtu ni kama huo mti: dawa ni samadi yake, na tabibu ndiye mkulima.

Wapo waliovuta upande wa mtumishi wenu, lazima niseme ukweli. Nahmanides, rabi mkubwa wa Girona huko Hispania katika karne ya 13, aliandika katika ufafanuzi wake wa Mambo ya Walawi 26 kwamba zamani za manabii watu wenye haki hawakwenda kwa matabibu. Walimwendea nabii wakaulizia dhambi yao. Ukiyachukua maneno hayo peke yake, yanafaa kusomwa kwenye maombezi. Lakini Nahmanides mwenyewe alikuwa tabibu, na katika kitabu chake kuhusu magonjwa na mauti alifundisha kwamba kuponya ni amri ya Mungu, sehemu ya kuokoa uhai. Alikuwa akieleza hali ya ulimwengu wenye manabii, ambao yeye hakuishi ndani yake, na wala wewe na mama hamuishi.

Maimonides, yaani Musa bin Maimuni, hakuwa na subira kabisa na fikra hiyo. Alizaliwa Córdoba, akaishi Misri, akawa tabibu katika jumba la watawala wa zama za Salahuddin, akafariki mwaka 1204. Yeye anatoa mfano wa mtu mwenye njaa. Akila mkate akashiba, je, tutasema ameacha kumtegemea Mungu? Anavyomshukuru Mungu aliyempa mkate wa kuondoa njaa yake, ndivyo anavyomshukuru aliyemwandalia dawa ya kuondoa ugonjwa wake. Ungemuuliza mama hivi: mbona ugali haujawahi kuitwa imani haba?

Huo ndio upande ulioshinda, na umekuwa sheria. *Shulhan Aruh*, kitabu cha sheria cha Yosef Karo kilichochapishwa mwaka 1565 na kinachofuatwa hadi leo, kinasema Torati imempa tabibu ruhusa ya kuponya, tena ni amri juu yake, na akijizuia anahesabiwa mmwaga damu. Kuokoa uhai kunatangulia karibu kila amri nyingine. Kwa ajili ya mgonjwa aliye hatarini Sabato huvunjwa: gari huendeshwa, moto huwashwa, simu hupigwa. Marabi walilitegemeza jambo hili katika Walawi 18:5, kwamba amri zimetolewa ili mtu aishi kwa hizo. Aishi, wakasisitiza, asife kwa hizo. Hata Siku ya Upatanisho, Yom Kipuri, siku ya mfungo mzito kuliko yote kwao, mgonjwa ambaye kufunga kunahatarisha uhai wake hulishwa. Myahudi mwenye kisukari aliyekatazwa na daktari kufunga, akafunga kwa kujiona shujaa wa imani, rabi wake atamwambia ametenda dhambi.

Tena jambo hili lina kisa chake hapa hapa kwetu, kule Mbale, Uganda. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, aliwahi kujiunga na Wamalaki, kundi la Kikristo la miaka ya 1910 lililokataa dawa na chanjo kwa sababu ya kuitegemea Biblia. Mwaka 1919 akaachana nao, akajitahiri yeye na wanawe, akaanzisha jumuiya ya Wayahudi inayoitwa Abayudaya. Hawa walizaliwa, kwa namna fulani, kutoka tumboni mwa fundisho lile lile analolishwa mama yako. Leo Abayudaya wana kituo cha afya mjini Mbale kinachowatibu Wayahudi, Wakristo na Waislamu.

Basi, miujiza je? Wanaiamini. Talmudi imejaa habari zake, na mwenye nafasi ya kwanza ni Hanina ben Dosa, mtu maskini wa Galilaya katika karne ya kwanza. Mtoto wa Rabi Gamalieli aliugua homa, na baba akatuma wanafunzi wawili kwa Hanina aombe. Alipowaona tu, akapanda ghorofani, akasali, akashuka akasema, "Nendeni, homa imemwacha." Wakamuuliza kama yeye ni nabii. Akasema yeye si nabii wala mwana wa nabii, ila sala ikitiririka vizuri kinywani mwake anajua imepokelewa, na ikikwama anajua imekataliwa. Wanafunzi wakaketi wakaandika saa ile. Waliporudi, Gamalieli akawaambia kwamba saa hiyo hiyo kijana aliachwa na homa na kuomba maji ya kunywa.

Angalia namna kisa kilivyosimuliwa. Hanina amejifungia ghorofani, hana umati. Hajamgusa mgonjwa, hajamwona, hajamuuliza habari za imani yake. Anasema waziwazi kwamba zipo siku sala yake hukataliwa. Na mara nyingine, alipomwombea mtoto wa Yohanan ben Zakkai akapona, mke wa Yohanan akamuuliza mumewe: "Kwani Hanina ni mkubwa kuliko wewe?" Akajibu, "La. Yeye ni kama mtumishi mbele ya mfalme, mimi ni kama waziri mbele ya mfalme." Mtumishi wa ndani huingia na kutoka bila kubisha hodi. Lakini nchi haiongozwi naye.

Hapo ndipo lilipo jibu la kwa nini husikii mikutano ya uponyaji. Kwa Wayahudi, muujiza hauthibitishi kwamba aliyeufanya anasema kweli. Kumbukumbu la Torati 13 inaonya kwamba nabii anaweza kutoa ishara, nayo ikatokea kweli, na bado akawa anawapoteza watu. Talmudi inasimulia Rabi Eliezeri akibishana na wenzake kuhusu sheria ya tanuri. Akaita mti wa mkarubi ushuhudie, ukang'oka. Akaita mkondo wa maji, ukarudi nyuma. Kuta za chuo zikainama. Mwisho sauti ikatoka mbinguni kumtetea. Rabi Yoshua akasimama akasema maneno ya Torati yenyewe: "Haiko mbinguni," yaani Torati. Wakapiga kura, Eliezeri akashindwa. Watu wenye simulizi kama hilo moyoni, ukiwaonyesha kiwete anatembea jukwaani, watafurahi kwa ajili ya kiwete. Mahubiri yanayofuata watayapima kwa kipimo kingine.

Pili, wana kanuni kwamba muujiza hautegemewi. Talmudi inamkataza mtu kusimama mahali pa hatari akisema atafanyiwa muujiza, kwani huenda asifanyiwe, na hata akifanyiwa hupunguziwa katika thawabu zake. Sisi tuna methali isemayo jitihada haiondoi kudura. Wao pia wana neno lao la jitihada, *hishtadlut*, na wanalitumia sana kwenye ugonjwa: kudura ni ya Mungu, lakini jitihada umeamriwa wewe, na hujaruhusiwa kuiacha kwa kisingizio cha kudura.

Tatu, waliogopa sana neno la Mungu kugeuzwa uganga. Rabi Akiva alisema mtu anayenong'ona mstari juu ya jeraha hana sehemu katika ulimwengu ujao, na mstari aliouchagua kuutolea mfano ni ule ule wa "Mimi ndimi Bwana nikuponyaye"! Maimonides akaongeza kwamba watu hao wanaikana Torati, maana wanafanya dawa ya mwili maneno ambayo ni dawa ya nafsi.

Nisikupe picha ya watu wa vitabu tu, lakini. Wayahudi wa kawaida wamevaa hirizi tangu kale, na Mishna yenyewe inaruhusu kutoka nayo siku ya Sabato kama ni hirizi ya fundi aliyethibitika. Kuthibitika kwenyewe ni iwe imeponya mara tatu. Nimelipenda sharti hilo. Hata kwenye hirizi walitaka matokeo yahesabiwe. Israel ben Eliezer, Baal Shem Tov aliyefariki mwaka 1760 huko Medzhybizh, Ukraine, alianza kama mponyaji wa hirizi na majina matakatifu kabla ya kuwa chimbuko la Uhasidi, harakati ya kiroho ya Wayahudi, na wafuasi wa Uhasidi wamekuwa wakiwapelekea viongozi wao vikaratasi vya maombi, vingi vikiwa vya wagonjwa. Wayahudi wa Morocco walikuwa na Israel Abuhatzeira, Baba Sali, aliyehamia Netivot nchini Israeli. Watu walimpelekea chupa za maji azibariki, na tangu afariki mwaka 1984 maelfu huenda kwenye kaburi lake kila mwaka. Mtu wa pwani yetu anayejua kombe na ziara za makaburi ya masharifu hatashangaa. Marabi wamelumbana kuhusu mambo haya karne nyingi, na malumbano hayajaisha. Ila hata hapo, waliobarikiwa maji huenda pia hospitali.

Je, mgonjwa hufanyiwa nini? Kila siku ya kazi, katika sala yao kuu, huomba baraka ya nane iliyotoka Yeremia 17:14: utuponye, nasi tutaponyeka. Sinagogi, Torati inaposomwa, wagonjwa hutajwa kwa majina, na hapa kuna jambo zuri: kwa kawaida Myahudi huitwa kwa jina la baba, lakini anapoombewa ugonjwa huitwa kwa jina la mama, fulani mtoto wa fulani. Huombewa uponyaji wa nafsi na uponyaji wa mwili, vyote viwili, nafsi ikitangulia. Siku ya Sabato huongeza kwamba ni Sabato, hatupaswi kulia, na uponyaji u karibu kuja. Wengine humwongezea mgonjwa mahututi jina jipya, kama Hayim, yaani uhai. Akipona, husimama mbele ya watu wasiopungua kumi na kumshukuru Mungu aliyemtendea wema. Hakuna anayemuuliza kama alipona kwa sala au kwa vidonge.

Na asipopona? Hili swali lako la mwisho ndilo lililonifanya niandike kirefu. Wapo Wayahudi waliosema mateso ni adhabu, au ni mateso ya upendo yenye thawabu. Rabi Yohanan wa Tiberia, karne ya tatu, alikwenda kumwona mwanafunzi wake Hiya bar Aba akiwa mgonjwa. Akamuuliza, "Mateso haya unayapenda?" Hiya akasema, "Siyapendi, wala thawabu yake siitaki." Hakukemewa. Hakuambiwa imani yake ni haba. Yohanan akamwambia, "Nipe mkono wako." Akampa, akamwinua.

Kisha Yohanan mwenyewe akaugua. Rabi Hanina akaja, akamuuliza swali lile lile, naye akajibu maneno yale yale: wala haya, wala thawabu yake. Hanina akamwambia ampe mkono, akamwinua. Talmudi inauliza: kwa nini Yohanan, aliyewainua wengine, asijiinue mwenyewe? Inajibu kwamba mfungwa hawezi kujitoa gerezani. Yule mponyaji alipougua alikuwa mgonjwa kama wengine, naye alihitaji mtu aingie chumbani.

Ndiyo maana kumtembelea mgonjwa kwao ni amri, na marabi walisema kila atakayemwona humpunguzia sehemu moja katika sitini ya ugonjwa wake. Mwanafunzi mmoja wa Rabi Akiva aliugua na hakuna mwenzake aliyekwenda kumtazama. Akiva akaenda. Kisa hakisemi alimwekea mikono. Kwa kuwa yeye alikuja, sakafu ilifagiliwa na kunyunyiziwa maji, na mgonjwa akapona, akasema, "Rabi, umenihuisha." Akiva akatoka akafundisha kwamba asiyewatembelea wagonjwa ni kama amemwaga damu.

Umeniandikia kuhusu mabishano yenu, hukuniandikia kama huwa unakwenda naye kliniki. Usibishane naye tena. Mwambie mtasali kwanza, wewe na yeye, kwa sala yake anayoipenda, halafu achome sindano yake wewe ukiwa umeketi hapo. Siku ya kupima sukari nenda naye, na kama hajapika, pika wewe.